Mlango Ndani ya Jicho

Leo nimefungua mkebe wa mafuta ya kukamulia ng'ombe, na harufu yake imenirudisha jikoni kwetu, karibu na mji wa Chaka, asubuhi ile mama alipojipaka mafuta hayo usoni ili apigwe picha.

Mpiga picha alimkalisha kwenye kigoda, katikati ya giza la masizi, kisha akajibanza kando ya mlango.

"Mama, angalia mlango. Macho ikikosa mwangaza inakaa imelala."

"Na baba ya watoto? Si aingie pia?"

"Mimi sipigwi," baba akasema. Hata siku ya harusi alikataa. Alibaki amesimama mlangoni na kofia yake, akimchekesha mama mpaka akasahau kukaza midomo.

Picha hiyo ninayo kwenye simu. Nimeikuza kwa vidole hadi jicho la mama likajaa kioo. Ule mwanga mdogo ndani ya mboni ni mlango wetu, na katikati yake kuna kivuli cha mtu, kidogo kuliko punje ya mtama, chenye kofia.

Nimempelekea mama. Ameigusa ile kofia kwa ncha ya kidole.

"Kumbe alipigwa," akasema.