Jogoo wa Safari ya Shoo

Juzi nilikuwa nakata bitana ya koti la binti yangu, kitambaa kizito ambacho fundi wa Kakamega hakishiki mara nyingi, mtoto mwenyewe aliponiuliza kwa nini huko tuendako majani huanguka yote kwa pamoja. Nikamwambia ndio msimu wao, kufika mwezi wa kumi miti hubaki mitupu. Akautazama mparachichi wetu, ambao haujapumzika hata siku moja tangu niupande, akasema basi hao watu wana kazi ya kufagia. Nilicheka mpaka mkasi ukapinda njia.

Wewe unanijua, mimi si mtu wa kuacha kazi za watu. Lakini mwezi wa kumi naifunika cherehani shuka, nampeleka mtoto ng'ambo kwenye bustani ya michezo, zile zenye magurudumu makubwa na mabembea ya kuvuruga tumbo, na hoteli ya kulala iko humo humo ndani. Nimeshona sare za shule miaka mingi kwa ajili ya safari hii, na anayeniambia ni upuuzi namwacha aongee huku nikivuta uzi. Mpango wote uko kwenye kurasa za nyuma za daftari langu la vipimo: siku zenye watu wachache, mchezo upi tuupande asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, soksi jozi ngapi. Nimesoma pia kwamba msimu huo wanapamba kwa maboga. Wanachonga boga zima macho na meno, kisha wanawasha mshumaa ndani yake. Nyanya yangu angeliona boga bichi limetobolewa macho badala ya kuchemshwa, angewauliza limewakosea nini.

Ni kwa sababu ya huyo nyanya naenda. Ngoja nikueleze.

Nyanya alinilea Iguhu, katika nyumba iliyonukia moshi na majani ya kunde. Asubuhi nilifagia uwanja, jioni nilileta kuni, na katikati nilitumwa kila mahali ambapo miguu yake haikutaka kwenda. Kila mwaka mjini Kakamega kulikuwa na maonyesho ya kilimo, nasi tuliyaita shoo. Watu wazima walikwenda kuangalia ng'ombe wa gredi, wale wa kizungu wenye maziwa mengi, na mahindi marefu. Sisi watoto tulijua jambo moja tu: gurudumu kubwa la kuzungusha watu hewani. Waliolipanda walisema kiti kikifika juu unaona msitu wote mpaka unapoishia. Mimi msitu nilikuwa naujua kwa chini tu, kwa kuokota kuni, nikatamani kuuona kwa juu hata mara moja.

Mwaka ule nyanya alikubali. Alimfunga kamba jogoo wake mwekundu, mkubwa kuliko wote, akaniambia, "Huyu ndiye safari yetu." Jumamosi, siku ya mwisho ya shoo, tungempitisha sokoni kwanza tumuuze, naye angetufikisha mpaka kwenye kiti cha gurudumu. Nilimlisha chenga za mahindi wiki nzima, nikimpapasa kifua kuona kama amenona. Nyanya alinipa sharti moja: nisimwambie mtu. Alikuwa hatangazi safari, mwanamke yule. Hata akienda kanisani, jirani alidhani anakwenda mtoni.

Nami nikasema. Nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga, debe la mahindi kichwani, na msichana wa mbele yangu alikuwa na viatu vipya. Sikuwa na viatu vipya. Nikamwambia mimi na nyanya tuna safari. Sikusema ya wapi, ili ionekane kubwa. Mama mmoja aliyekuwa akiuza viazi vitamu katika soko la Navakholo alisikia, na huko Navakholo ndiko alikoolewa shangazi yangu, ambaye sisi tulimwita senje. Habari ilipofika kwake ilikuwa imeota mabawa: nyanya anahamia Nairobi moja kwa moja, na mjukuu wake.

Jumamosi asubuhi nilikuwa nimevaa gauni, miguu inang'aa mafuta. Nyanya ameshamkumbatia jogoo, tuko mlangoni kabisa. Ndipo senje akaingia uani na kikapu kichwani, machozi yanamtoka.

"Mama, unaendanga mbali hivyo na huniambii?"

Nyanya alimtazama binti yake, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Hakunigombeza, na hilo ndilo liliniuma zaidi. "Siendi mahali," alisema. "Keti kwanza."

Kwetu mgeni akishaketi, safari imekwisha. Na binti aliyeolewa akirudi kwao baada ya miezi mingi, humlishi mboga za majani ukamuaga. Vifaranga vilikuwepo, lakini jogoo wa kumchinjia mgeni alikuwa mmoja. Nyanya akaniagiza niweke maji motoni ya kumnyonyolea. Niliyaweka, nikilia kwa sauti ili wote wasikie, nikisingizia moshi.

Tulikula obusuma, ugali wetu, na kuku mpaka mchana ukapita. Firigisi ni ya mgeni, na senje akawekewa. Nadhani kufikia hapo alikuwa ameshaelewa, maana aliigawa vipande viwili, akaniwekea kimoja mkononi. Kipande cha firigisi kwa mtoto lilikuwa jambo la kujivunia mwaka mzima. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikampa paka.

"Mwaka ujao," nyanya aliniambia jioni. Mwaka uliofuata magoti yake yalikataa kutoka nje ya boma. Mwaka uliofuata huo, tulimzika chini ya uwanja niliokuwa nikiufagia.

Kwa hiyo safari hii niliificha. Wateja niliwaambia makoti ni ya mtu wa Eldoret. Niliyemsahau ni mwanangu, ambaye alisimama mbele ya wenzake kanisani akasema sisi tuna safari. Damu ni damu. Na asubuhi ile tuliyotakiwa kwenda Nairobi kwa mahojiano ya viza, stakabadhi ziko mkobani, mtoto amefunga viatu, gari linaondoka saa mbili, nikasikia hodi ya fimbo langoni. Senje. Mzee sasa, mgongo umepinda, amekuja na pikipiki kutoka Navakholo bila kupiga simu, kama watu wa zamani.

Nikaona jiko, maji ya moto, siku inaisha, na miadi ile haipatikani tena kabla ya mwezi wa kumi. Hata hivyo mdomo wangu ulikuwa na adabu yake. "Karibu senje, karibu ndani. Keti kwanza."

"Sikai," akasema. Alishika lango kwa mikono miwili kama mtu anayezuia ng'ombe. "Nikikaa utanichinjia."

"Hata chai?"

"Hata maji. Nimekuja kuona kama unaenda kweli. Ile siku nililia njia yote nikifikiri mama ananiacha, kumbe nawalia safari yenyu pamoja na jogoo." Akamtazama binti yangu, kisha mimi, na macho yake yakacheka. "Na ile firigisi ulipatia paka, niliona. Nendeni."

Tukaenda. Nilimwacha mgeni amesimama langoni kwangu bila hata kiti, jambo ambalo nyanya asingeliamini, nami nililia mpaka kituo cha gari, bila moshi wa kusingizia.

Viza zilitoka. Makoti mawili yananing'inia msumarini, na gurudumu nimelipangia asubuhi ya kwanza. Shoo ile ya utoto wangu siioni tena, hata nikipita pale uwanjani. Jiko la nyanya liliporomoka kwa mvua. Wageni wa siku hizi hutuma ujumbe kwanza, nasi tunawajibu hatupo. Kiti kitakapofika juu nitautafuta msitu, ingawa najua haupo huko, na nitamwambia binti yangu nani alitakiwa kuketi katikati yetu.

Mpango hauishii uwanja wa ndege. Kwenye daftari, chini ya siku ya kurudi, nimeandika mstari mmoja zaidi: Navakholo, na jogoo mwekundu, kukaa mpaka jioni. Firigisi ni ya senje. Akinigawia kipande, nitakila mbele yake.