Milango ya Bluu ya Kliniki ya Macho

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye ofisi ya upambaji wa majengo pale Kinondoni, Msanifu Mkuu hakunipa hata penseli. Alinipeleka kwenye chumba kitupu, akafungua dirisha, akaniambia nikae nitazame ukuta mpaka jioni. "Rangi ya kwenye kopo isikudanganye," alisema. "Mwanga ndio mpakaji." Nilidhani ananitania, lakini jua lilipoinama, ukuta uliokuwa mweupe asubuhi ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Kupendezesha maduka na ofisi nilikuzoea upesi. Kliniki ya macho ni habari nyingine. Nilipopelekwa Temeke kusimamia moja, Mganga Mfawidhi, mkuu wa kliniki hiyo, mama mkali kama pilipili kichaa, alikataa katakata rangi ya mafuta, ile inayometa. "Nikishamtia mgonjwa dawa ya kutanua mboni, ukuta huo utamchoma," alisema. "Na asiyeona vizuri hatafuti urembo, baba. Anatafuta mlango." Basi kuta tukazipaka rangi ya maziwa isiyong'aa, na milango yote bluu iliyokoza, ili hata jicho lililochoka liitofautishe. Taa tukazificha kwenye dari zisimpige mtu usoni.

Sikujua kwamba namtengenezea mke wangu. Baadaye Mama Zuhura alipatwa na presha ya macho, ugonjwa unaokula uoni kimyakimya kuanzia pembeni, na kilicholiwa hakirudi. Aliogopa jambo moja tu, kushikwa mkono. "Siku nikiongozwa kama kuku mgeni, Baba Zuhura, mie ndo basi tena."

Nikaipaka milango ya nyumbani kwetu Ukonga bluu ileile. Kwa miaka mingi alikwenda kliniki ileile ya Temeke peke yake, akaingia kwa daktari bila kuuliza mtu, na akirudi ananitambia. "Leo nimemwonyesha njia kijana mwenye macho yake mazima."

Baada ya mimi kustaafu, uongozi mpya uliipaka kliniki upya, kuta na milango, nyeupe tupu inayometa. Nasikia ndiyo usasa. Siku alipokwenda mara ya kwanza baada ya hapo, nilikuwa nimemsindikiza, nimebaki dirisha la kadi. Nilipogeuka, nilimwona amesimama katikati ya korido, mikono mbele, akipapasa hewa.

"Ni rangi, au ni macho yangu?" aliniuliza nilipomfikia.

"Ni rangi. Wameibadilisha."

Akashusha pumzi, akacheka kidogo.

Vijana wa fani hii huja kuniuliza kama naikumbuka kazi. Naikumbuka, na hasira ninayo bado. Nawaambia wasipake ukuta kabla hawajajua nani atautafuta.

Jana asubuhi nilikuwa sebuleni, Mama Zuhura akitoka jikoni. Mlango wa chumba chetu nimeurudia kuupaka juzijuzi, bluu ileile iliyokoza, na jua lilikuwa linaupiga sawasawa. Aliupita. Mkono wake ukapapasa ukuta, ukaendelea kupapasa, kisha akasimama.

"Baba Zuhura," aliita taratibu, "na huku nyumbani umebadilisha rangi?"

Machozi yalinitoka. Nikamjibu ndiyo, kisha nikaenda kumshika mkono.