Mwanamke Aliyekuja Kumchukua Bosi

Cheka ukitaka, lakini nikimaliza usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Pombe sinywi, na binti yangu Neema alikuwepo.

Tulikuwa tunakaa Tumba, huko Sweden, nyumba ya chini, na kwenye kibaraza tulifuga sungura wawili. Kwetu Nakuru sungura ni kitoweo, lakini mtoto aliyezaliwa Sweden utamwambia nini? Basi, jike akafa. Dume, jina lake Bosi, akaacha kula. Akawa ameugeukia ukuta tu, mifupa imemtoka. Daktari wa wanyama akatuambia sungura hawezi kuishi peke yake, tumtafutie nyumba yenye wenzake, la sivyo upweke utamuua. Nikabandika tangazo dukani.

Akaja mwanamke mmoja, alasiri ya Desemba, giza limeshaingia kama ilivyo kule, na theluji ndiyo kwanza imeacha kuanguka. Koti refu la kijivu, mabuti ya mpira. Nikamkaribisha chai, akatikisa kichwa. Na Bosi, ambaye siku zote zile hakuinua hata sikio, aliruka kutoka bandani akaenda kuficha uso kwenye shingo yake!

"Ni mzee, na mgonjwa," nikamwambia kwa Kiswidi. "Una hakika unamtaka?"

"Namjua."

Nikamnong'oneza Neema kwa Kiswahili, "Anamjuaje, na hajawahi kumwona?"

Yule mwanamke akageuka. "Namjua, mama," akasema.

Kwa Kiswahili! Kama mtu wa kwetu kabisa. Nani alimfundisha? Akamfunika Bosi ndani ya koti, akatoka.

Neema ndiye aliyeona mfuko wa nyasi kavu za Bosi umebaki. "Mamma, höet!" akapiga kelele, yaani mama, zile nyasi, maana yeye hunijibu kwa Kiswidi siku zote. Nikaukamata mfuko, nikakimbia. Nyayo za mabuti zilikuwa wazi, zinakata uwanja tuliokuwa tukiupita kwenda stesheni, kuelekea msituni. Nikazifuata mpaka katikati, chini ya taa.

Hapo zikaisha.

Mabuti yalikuwa yamesimama wima, koti limelala kando. Niamini, nilitia mkono ndani ya buti moja. Lilikuwa bado na joto. Na kutoka pale kwenda msituni kulikuwa na nyayo za sungura. Sungura wawili, wamekwenda bega kwa bega.

Nilivyorudi nyumbani sikumbuki. Mume wangu alikwenda kutazama na tochi. Nyayo alizikuta, koti na mabuti hakuyakuta. Alirudi akafunga mlango, na mpaka leo hataki habari hiyo itajwe mbele yake.

Uwanja ule sikuukanyaga tena. Kwenda stesheni nilizunguka barabarani, nikichelewa kazini bora nichelewe, mpaka tulipohamia Södertälje. Neema sasa ni mtu mzima, na akiona alama za mnyama kwenye theluji hunishika mkono kama mtoto.

Kwa hiyo wewe unayempa mgeni mnyama wako, mpe kwa moyo mweupe. Lakini akishatoka, funga mlango. Usimfuate.