Kigogo cha Mgomba Kando ya Moto

Wenzangu tuliokulia Baraka, kule Kongo, miaka ya vita, hamjasahau jiko la udongo na mafiga yake matatu, moshi ukitutoa machozi huku harufu ya sombe, yale majani ya muhogo, na dagaa tunaowaita ndagala ikitukataza kutoka nje. Siku hizi mtoto anaacha simu kando ya mbabula, jiko la makaa, ikiharibika analaumu simu. Sisi ukiweka beseni ya plastiki karibu na moto, ulitolewa nje pamoja nayo.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi, mama mzazi wa baba, alikuwa na desturi yake. Kila asubuhi alikata kigogo cha mgomba, kibichi, kinachochuruzika maji, akakilaza kati ya moto na vitu vya nyumba: bidoni, yaani madumu ya maji, mkeka, gunia la unga wa muhogo. Joto liliishia kwenye kigogo. "Batoto, vitu haina miguu ya kukimbia moto," alituambia.

Vita ilipotufikia tulikimbilia milimani. Koko alikataa. Magoti yalimuuma, akasema atabaki kuangalia nyumba. Mama alimwachia maji na unga, akalia njia nzima. Huko juu hatukuwaza lingine: yu hai, au hayupo?

Bunduki ziliponyamaza tulishuka. Ilikuwa mchana kweupe, na mtaa mzima kimya, hata kuku hakuna. Nyumba nyingi zilibaki kuta tupu. Yetu ilikuwa nzima, mlango wazi, na jikoni moto uliwaka taratibu. Kati ya moto na bidoni kulikuwa na kigogo cha mgomba kilichokatwa muda si mrefu, maji yakidondoka bado. Nilirukaruka kwa furaha nikiita, "Koko!" Mama naye aliita, akazunguka nyumba yote. Hakuitika mtu.

Mama Neema, jirani aliyekuwa amebaki kumuuguza mumewe, alisikia kelele zetu akaja.

"Munaita nani? Koko alikufa ile siku mulipanda mulima. Mi mwenyewe nilimuzika, pale nyuma ya nyumba."

"Na huu moto?" mama akauliza.

"Moshi naonaka kila asubuhi. Muntu, hapana. Niliogopa kuingia."

Mama alikaa chini palepale akalia sana, kisha akafuta machozi, akateleka sufuria ya ugali juu ya moto uleule. Tuliogopa kula, lakini njaa ilitushinda.

"Kama ni muntu, Mungu amubariki," mama alisema. "Kama ni mama-mukwe, aksanti."

Tangu siku hiyo hakufunga tena mlango wa jiko, hata vita iliporudi.

Leo nyumba zetu ni za saruji, madirisha yana nondo, kila mlango na kufuli yake, na tunasema tumeendelea. Nami nafunga kama wengine. Lakini roho inaniuma: huyo aliyetutunzia vitu vyetu, akitaka kuja leo, ataingilia wapi?