Asante kwa Kazi

Juzi hapa Nkoma, Mbale, mashariki mwa Uganda, dereva mmoja Mkenya alikuwa akibadilisha gurudumu la lori lake, nami nimesimama karibu. Mama mwenye jembe begani akasimama. "Asante kwa kazi, bwana."

"Mama, kwani nimekufanyia nini?"

"Si unafanya kazi?" Akaenda zake shambani. Kwetu, anayekutwa kazini husalimiwa hivyo.

Dereva akabaki ameshika spana. Kisha, mikono imejaa grisi, akabonyeza simu kwa kidole kidogo na kufungua spika. "Mama watoto, asante kwa kazi."

"Kazi gani?"

"Zote. Miaka yote hii."

"Baba watoto, umefanya nini huko Uganda?"

Nilicheka sana. Halafu nikajiuliza: mimi ninayewashukuru hata wachimba mitaro nisiowajua, mke wangu angenijibuje?