Chini ya Msuli

Daktari alinitaka nichague: silikoni ya kukuzia matiti iwekwe juu ya msuli wa kifua au chini yake. Ikikaa juu, alisema, ningepona upesi, lakini kwa mtu mwembamba kama mimi kingo zake zingeweza kuonekana. Chini ingefichika vizuri, ila msuli ukikazwa titi huvutika. Akauliza kama nanyanyua vyuma au napiga makasia. Nikacheka. Mimi, makasia! Kazi yangu ni kukaa mbele ya kompyuta kutwa nzima.

"Chini," nikasema. Nilitaka ifichike, hasa kwa dada yangu.

Dada ndiye aliyenilea na ndiye aliyenileta Stockholm. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekatwa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, na mimi ndiye niliyekuwa nikienda kwake Skärholmen kumsafisha kidonda. Sasa ningemwambiaje kwamba mimi, mzima wa afya, nimeona yangu mawili hayatoshi? Niliona aibu. Na bado niliyataka. Kunyonyesha watoto watatu kulikuwa kumeniacha na kifua kitupu, na nilichoka kukikwepa kioo cha bafuni. Baada ya upasuaji nikamdanganya kwamba nimeteguka bega.

Jambo ambalo sikumwambia daktari, kwa kuwa halikunijia hata akilini, ni ugali. Kanisani kwetu, kukiwa na msiba, anayeusonga ni mimi. Wenzangu wana midomo mirefu na mikono laini. Nani kwetu huita kusonga ugali mazoezi?

Basi miezi michache baadaye mzee mmoja wa kanisa akafariki, tukakusanyika katika ukumbi wa Rinkeby. Jikoni kulikuwa na joto, nikavua sweta nikabaki na fulana. Nikaushika ule mwiko mrefu kwa mikono miwili. Unga ulipoanza kukaza, na mimi nikakaza. Dada alikuwa mbele yangu, ameshikilia sufuria isizunguke. Ghafla akaiachia.

Alinivuta hadi stoo, akafunga mlango.

"Nimeona titi lako likivutika, pakabonyea hapo chini. Langu lilianza hivyo hivyo. Kesho asubuhi tunapiga simu vårdcentral wakupe daktari, mimi na wewe, unanisikia? Ee Mungu, usinichukulie na huyu."

Ningeweza kudanganya tena, lakini alikuwa analia.

"Dada, siumwi. Ni silikoni. Iko chini ya msuli, ndiyo maana inavutika."

Alijifuta macho kwa leso, akakitazama kifua changu.

"Walikuuliza unataka iwekwe wapi?"

"Ndiyo."

"Mimi waliniuliza kama kuna mtu wa kunirudisha nyumbani."

Aliyemrudisha nilikuwa mimi. Akafungua mlango, akarudi jikoni, akauchukua mwiko. Aliusonga ule ugali kwa mkono wa kulia peke yake, na hakukubali nimshikie hata sufuria.