Mke Wangu Alicheka Msibani

Mke wangu Lidwina alicheka kwenye mazishi ya mama yangu. Mbele ya jeneza, meno yote nje.

Kwetu Madaba kitu kama hicho hakisahauliki.

Dada yangu Devota alinivuta pembeni kwa hasira. Akasema huyu mwanamke alikuwa anangoja mama afe, sasa hata aibu hana.

Na mimi, jamani, nikaamini.

Nilipomuuliza, hakujibu. Alinitazama tu, midomo imevutika vilevile. Nikaona ni dharau. Nikamnunia siku mbili nzima. Hata chakula alipoacha kugusa, nikasema anadeka.

Siku ya tatu mgongo wake ukajipinda, mwili mzima ukakakamaa. Watu wakasema mapepo. Mimi nikatafuta gari, mbio hadi Songea mjini, Devota naye akapanda.

Daktari alimtazama usoni mara moja tu, akasema ni pepopunda. Hicho hakikuwa kicheko. Misuli ya uso ilikuwa imekaza na taya zimejifunga.

Nikamwomba amchome sindano apone.

"Kaka, sumu ya bakteria wa pepopunda ikifika kwenye mishipa ya fahamu inajishikiza kwenye mafuta na sukari za utando wa seli, halafu inazama ndani. Sindano inadaka ile inayoelea bado kwenye damu tu. Iliyokwisha kushika hatuna cha kuing'olea. Mngemleta juzi."

Juzi nilikuwa nimemnunia. Nilikaa chini sakafuni.

Kisha daktari akakiona kidonda mguuni, pale Lidwina alipojikata na jembe wiki moja kabla ya msiba. Akauliza nani alikipaka udongo.

Ni mimi. Nilichota udongo wa kichuguu nikambandika ili damu ikate, kama baba alivyokuwa akifanya. Lakini Devota alikuwa amesimama pale pale, na mdomo wangu ukawa mzito.

Lidwina akaonyesha kwa kidole kalamu ya daktari, akapewa. Akaandika kwa shida: "Nilipaka mwenyewe."

Alifariki Alhamisi.

Huu mwaka wa pili ndugu zangu wanasema alijiponza mwenyewe, na mimi naitikia kwa kichwa. Nimechoka.

Nyie mnaosoma humu, kidonda kioshwe kwa maji na sabuni, ukachomwe sindano ya pepopunda mapema. Na mwenzako asipokujibu, msogelee umtazame vizuri kabla hujamsusa.

Devota, najua unapitaga humu. Udongo niliuweka mimi.